Alipata A-: kisa cha cheti cha Audrey Mbugua

Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliliamuru Baraza la Mitihani la Kenya limpe Audrey Mbugua cheti kipya cha kidato cha nne. Mtihani wenyewe ulikuwa wa 2001, katika Shule ya Upili ya Kiambu, shule ya wavulana, na gredi yake ya wastani ilikuwa A-. Cheti cha kwanza kilibeba jina la kiume alilopewa alipozaliwa, pamoja na alama ya kuonyesha kwamba mwenye cheti ni mwanamume. Cha pili kilitakiwa kiwe na jina Audrey, na pale pa jinsi pasiwe na kitu. Jina la zamani limo kwenye hukumu, anayelitaka atalipata. Hapa halina kazi.

Ukiipitia haraka utasema ni kesi ndogo. Hakuna aliyeuawa, hakuna shamba lililonyakuliwa. Karatasi moja tu. Lakini mimi huirudia mara kwa mara, kwa sababu kila ninapojaribu kumweleza dhiki ya jinsia, yaani maumivu ya mtu ambaye jinsia anayojijua kuwa nayo hailingani na mwili wake, mtu ambaye haijamgusa, hushindwa, na nikiitazama kesi hii naona mahali ambapo maelezo yalipenya. Hayakupenya kupitia mlango niliokuwa nikiugonga.

Kazi yangu ni kutafsiri. Mwaka juzi nililetewa karatasi ya kurasa 4 iliyoandikiwa wauguzi, nikaambiwa niigeuze kwa Kiswahili. Mada yake ilikuwa hali ambayo madaktari huiita disforia ya jinsia. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilinichukua siku tatu, na mbili kati ya hizo ziliishia kwenye kichwa cha habari. Nilianza na "huzuni ya kijinsia". Muuguzi niliyempa aisome akaniuliza kama ni ya waliobakwa, maana siku hizi neno "kijinsia" likiingia kliniki huja limeshikana mkono na "ukatili". Nikajaribu "tatizo la kijinsia". Mwenzake akacheka, akasema wanaume wenye tatizo hilo huuziwa mizizi kule sokoni. "Mkanganyiko wa jinsia" nao niliufuta mwenyewe, kwa sababu wengi wenye hali hii hawajakanganyikiwa hata kidogo; wanaokanganyikiwa ni waliowazunguka.

Mwisho nikatua kwenye "dhiki". Tumelichukua neno hili kwa Waarabu, na huko asili yake ni wembamba, mahali palipobana. Disforia nayo, kwa Wagiriki, ni kitu kigumu kubebeka. Kubanwa na kulemewa si mbali sana, nikajiambia, nikaandika: "Mwenye dhiki ya jinsia hujihisi amebanwa na mwili wake." Yule muuguzi akasoma, akanitazama: "Kaka, ukituambia mtu amebanwa tutamwonyesha choo." Tulicheka sote. Baadaye nikiwa kwenye matatu ndipo nikakumbuka kwamba choo kipi ndilo swali lenyewe kwa watu hawa kila watokapo nyumbani.

Basi tuelewane inahusu nini. Si kupenda nguo fulani, na si suala la mtu anavutiwa na nani, ingawa mtaani mambo hayo hutiwa kwenye gunia moja, na katika nchi yenye kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumiwa kuadhibu ngono ya wanaume kwa wanaume, gunia hilo lina hatari yake. Ni kutolingana kwa muda mrefu kati ya jinsia ambayo mtu anajijua kuwa nayo na ile ambayo mwili wake na watu wanamtangazia, pamoja na maumivu yanayozaliwa na kutolingana huko. Kitabu cha kutambulia magonjwa cha madaktari wa akili wa Marekani huanza kuhesabu kuanzia miezi 6. Mtu ambaye alichotangaziwa siku ya kuzaliwa na anachokijua moyoni ni kitu kimoja, huyo huitwa sisjenda. Ndio wengi wetu, nami nimo.

Na kwetu sisi maelezo hugonga mwamba. Kiswahili kililikiri jambo hili zamani: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwenye shibe hamjui mwenye njaa, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini hata mwenye shibe aliwahi kuwa na njaa siku moja, japo ya Ramadhani, na ukimsukuma kidogo atakumbuka. Sisjenda hana cha kukumbuka. Jinsia yake haijawahi kumwuma, kwa hiyo hajui kama anayo, kama vile ulimi usivyoyajua meno mpaka jino moja livunjike, na hapo hautulii tena, kutwa kucha uko palepale. Unamwambia mtu kuhusu jino lililovunjika naye anakuapia kwamba hana meno.

Niliyamaliza maarifa yangu yote kwa mjomba wangu wa Kilifi. Ni mwalimu mstaafu, amesimamia mitihani ya kitaifa miaka mingi, na ni mtu wa kusikiliza hoja. Nilimkuta barazani alasiri, na sahani ya machungwa miguuni. Shikamoo, marahaba, nikavuta kigoda. Aliponiuliza ninatafsiri nini siku hizi, nikamwambia.

"Ah, huntha," akasema. "Huntha ana hukumu yake, hata kwenye mirathi."

Nikamwambia la, huntha ni mwingine. Huntha mwili wake umezaliwa na alama za pande mbili au zisizo wazi, na hata sensa ya 2019 iliwahesabu, watu 1,524. Huyu ninayemsema mwili wake hauna utata wowote kwa daktari wala mkunga. Utata uko kati ya mwili na nafsi. Uso wa Mjomba ukajifunga. Huntha alikuwa na mahali pa kumweka; huyu hakuwa na rafu yake.

Nikajaribu mkono wa kushoto. Nilijua kwamba Mjomba alizaliwa mtu wa shoto, akachapwa chuo cha Kurani na akachapwa shuleni mpaka akaandika kwa kulia. "Wewe ulijua mkono wako upi, Mjomba, kabla hujafunzwa. Hakuna aliyekwambia. Ndivyo nao wanavyojua."

"Nilifunzwa nikazoea," akajibu. "Na wao wafunzwe."

Muda wote huo alikuwa anamenya chungwa, ganda linashuka utepe mmoja bila kukatika, na kisu kiko mkono wa kushoto. Nikamwonyesha. Akakitazama kisu, akautazama mkono, akaendelea kumenya.

"Kisu hakiendi msikitini," akasema.

Sikuwa na jibu, na bado sina. Mfano wa mkono una kasoro nyingine ambayo Mjomba hakuitaja: mtu wa shoto hauchukii mkono wake wa kulia. Hauoni kwenye kioo akatamani usiwepo. Mifano yote ya aina hii hufika mahali ikachoka, na anayesikiliza husubiri palepale.

Nikabadili njia. Nikamwuliza yeye anajuaje kwamba ni mwanamume. "Kwa kujitazama." Na angekuwa kipofu? "Ningejigusa." Na kama, Mungu apishe mbali, angepata ajali akapoteza kila kinachoguswa? Hapo alinyamaza kidogo. "Ningebaki mwanamume," akasema, kwa ukali kiasi.

Nikafurahi kabla ya wakati. Nikamsimulia David Reimer, aliyezaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1965, mmoja wa pacha wawili wa kiume. Alipokuwa na miezi kama 8, tohara iliyofanywa kwa kifaa cha umeme ikamwunguza uume ukaharibika kabisa. Mwanasaikolojia John Money wa Johns Hopkins kule Baltimore aliamini jinsia ya mtoto hutengenezwa na malezi, akawashauri wazazi wamlee kama msichana. Mwaka 1967 akafanyiwa upasuaji, akapewa jina Brenda, magauni, na baadaye homoni za kike. Hakuambiwa chochote. Money akaieleza dunia kwamba mambo yameenda vizuri. Mtoto mwenyewe alikataa tangu mwanzo, na alipoambiwa ukweli akiwa na miaka 14 aliacha mara moja kuishi kama msichana, akajiita David. Watafiti Milton Diamond na Keith Sigmundson waliuchapisha ukweli huo mwaka 1997. David alifariki mwaka 2004, kwa mkono wake mwenyewe, akiwa na miaka 38.

"Umeona?" nikamwambia Mjomba. "Alifunzwa miaka yote hiyo na hakuzoea."

"Nimeona," akasema. "Alikuwa mwanamume, na mwanamume hafanywi mwanamke. Si ndivyo nisemavyo?"

Pigo hilo nililistahili. Mimi nilikuwa nimeona kijana anayejua asichoambiwa na mtu, aliyeishi miaka mingi ndani ya dhiki kwa sababu waliomzunguka walimtangazia jinsia isiyo yake. Mjomba alikuwa ameona mwili uliozaliwa wa kiume ukidai haki yake. Kisa ni kimoja, na kimebeba vyote viwili bila kumwaga tone. Nimewaona wengine wakikitoa kama karata ya mwisho. Mimi siku hizi nakiweka chini. Ni maisha ya mtu mmoja aliyeumizwa kwa njia nyingi kwa wakati mmoja, na si haki kumfanya rungu la upande wowote.

Nilikuwa nimeshakata tamaa, nikataka tu kumaliza mazungumzo, ndipo nikamtajia kesi ya Nairobi. Sikuisema kwa ufundi. Nilisema kuna mwanafunzi alifanya KCSE 2001, halafu cheti hakimfai kwa sababu kina jina ambalo si lake tena.

"Alipata nini?"

"A-."

Kisu kikasimama. "Shule gani?"

"Kiambu."

"A- ya Kiambu," akarudia taratibu, kama mtu anayehesabu noti, "na hawezi kuitumia?"

Turudi mahakamani, maana swali hilo la Mjomba ndilo lililokuwa mbele ya jaji.

Audrey Mbugua alikuwa amesomea bayoteknolojia Chuo Kikuu cha Maseno. Mwaka 2008 madaktari wa Hospitali ya Mathari walimpa jina la hali yake kama lilivyoitwa wakati huo: kasoro ya utambulisho wa jinsia. Alibadili jina kisheria. Akaliomba Baraza libadili cheti, likakataa, na 2013 akaenda kortini. Mwaka huohuo, mwezi Mei, madaktari wa akili wa Marekani walitoa toleo jipya la kitabu chao, wakaliondoa neno "kasoro" na kuweka "dhiki", kwa maana kwamba kinachotibiwa ni maumivu na si nafsi ya mtu. Na kuanzia Januari 2022, katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, hali hii haimo tena kwenye sura ya magonjwa ya akili.

Sasa fikiria bahasha ya kaki. Ndani mna shahada, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho. Mbele ya meza amekaa mwanamke, blauzi, nywele zimesukwa. Mwajiri anatoa cheti, anasoma jina la kiume, anainua macho, anarudi kwenye karatasi. Swali la kwanza haliwi unajua nini. Linakuwa, hiki cheti ni cha nani? Katika nchi ambayo vyeti bandia ni habari za kila wiki, hilo si swali la kishenzi; ningelikuwa mimi ningeliuliza pia. Aliyeulizwa ana njia mbili. Anyamaze aonekane mwizi wa karatasi, au aanze kumsimulia mtu asiyemjua habari za mwili wake, hospitali aliyoenda na alichoandikiwa, huku msichana wa mapokezi amesimama mlangoni na chai. Kesho kwenye benki, tena. Mwezi ujao kwenye maombi ya masomo, tena.

Kwa hiyo tunaposema ni vigumu kueleza dhiki ya jinsia kwa masisjenda, tusidhani ugumu huo unatokea kwenye makongamano tu. Kuna watu ambao karatasi zao zinawalazimisha kueleza kila wiki, kwa mlinzi, kwa karani, kwa askari wa zamu, na kila anayeelezwa ana mamlaka ya kutoelewa.

Kinachonivutia kwenye hukumu ya Korir ni kwamba hakujaribu kuingia ndani ya mwili wa Audrey. Barua za madaktari zilikuwepo, akazipokea. Alichokichunguza ni cheti. Je, Baraza lina uwezo wa kukirudisha na kukirekebisha? Akaona kanuni za Baraza lenyewe zinaruhusu. Je, kuna sheria inayolazimisha cheti kiwe na alama ya jinsi? Hakuona. Je, cheti kikikosa alama hiyo kitapungua thamani? Hapana, kwa sababu alama za mtihani hazitolewi kwa kufuata jinsi ya mtahiniwa. Juu ya hayo akaweka kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010, cha utu na heshima ya kila mtu. Miezi michache kabla, Julai 2014, Jaji George Odunga alikuwa ameiamuru bodi inayosajili mashirika yasiyo ya serikali ilisajili Transgender Education and Advocacy, shirika linalotetea watu wenye hali hii.

Ukiitazama amri ya Korir kwa karibu utaona haisemi kwamba Audrey ni mwanamke. Haisemi si mwanamke pia. Pale palipokuwa na jibu lisilo sahihi pameachwa peupe. Wapo wanaoona huo ni woga. Mimi naona ni akili, kwa sababu lile swali zito, mwanamke ni nani, halikuhitajika ili karatasi irudi kuwa ya mwenyewe. Aliyefanya mtihani ni yuleyule, maksi ni zilezile, mkono ulioshika kalamu ni uleule.

Ila njia hii ina gharama, na sipendi inavyopitwa haraka. Ili asikilizwe, ilibidi Audrey aje na barua ya Mathari. Asiye Mkenya hatajua uzito wake. Mathari imekuwa hospitali ya wagonjwa wa akili tangu 1910, na jina lake ni tusi la utotoni: ukicheka peke yako, "utapelekwa Mathari." Barua inayokufungulia mlango wa korti ndiyo hiyohiyo jirani atakayoitumia kusema, si nilijua. Mtu anaaminiwa kuhusu nafsi yake akishaandikiwa na daktari wa vichaa, na akishaandikiwa na daktari wa vichaa haaminiwi tena kuhusu kitu kingine chochote. Sijui ningemshauri nini mtu aliye kwenye mtego huo, na wauguzi wangu hawakuwa na jibu nilipowauliza.

Ile karatasi yao, kwa njia, niliimaliza. Nilifuta sentensi ya kubanwa. Badala yake nikaweka mistari mitano: mgonjwa anaingia, kadi ina jina la Juma, aliyesimama mbele yako anasema aitwe Zena, mwite Zena, andika Zena pembeni, usimtangaze kwenye foleni. Wakaelewa mara moja. Mmoja akaniuliza tu kama kadi ibadilishwe rangi.

Kilifi jua lilikuwa linashuka. Mjomba hakuwa amekubaliana na mimi kwa lolote. Alikuwa bado anasema mtu hazaliwi mara mbili. Lakini jirani yake alipopita na ndoo ya samaki, yeye ndiye aliyemwita, akaanza kumsimulia kesi kwa hasira ya mwalimu aliyeporwa. Nikasikiliza kwa sikio la kazi yangu, kwa sababu Kiswahili kina jambo moja ambalo Kiingereza hakina. Kiingereza humtaka msemaji achague, wa kike au wa kiume, karibu kila sentensi. Sisi tuna "a" tu: alisoma, alifaulu, alinyimwa. Lugha yetu hungoja, ikakushika kwenye kuoa na kuolewa, kwenye shangazi na mjomba, kwenye bwana na bibi. Kabla ya hapo unaweza kwenda mbali sana.

Na Mjomba alienda mbali. Alianza na 2001, akapita Kiambu, akasema A-, akasema watu wa ofisini, akasema jaji, akasema karatasi moja tu, jamani, kuibadilisha kunawagharimu nini. Hakuna mahali alipokwama. Jirani aliweka ndoo chini.

"Ni mtoto wa kike au wa kiume?" akauliza.

Mjomba aligeuza ganda la chungwa kwa ncha ya kisu.

"Mwanafunzi," akasema, halafu akamwuliza tafi leo ni bei gani.